Wimbi Lile Lilikuwa Langu

Nilipowafikia walipokuwa wameketi, nilisalimia. Walikuwa wapanda mawimbi saba, kila mmoja juu ya ubao wake, miguu ndani ya maji, macho kwenye upeo wa bahari. Nimelelewa Malindi, na Malindi hufiki walipo watu ukaketi kimya kama umefika porini. Nikasema habari za asubuhi kwa Kiingereza, nikimwangalia kila niliyempita. Mmoja alitikisa kichwa. Waliobaki waliendelea kuangalia maji. Mweusi nilikuwa peke yangu, na mwanamke nilikuwa peke yangu.

Ufuo wenyewe siutaji. Uko kusini kidogo mwa Santa Monica, California, na baadhi ya watu wale siku hizi tunasalimiana.

Yalipita mawimbi mazuri matatu, nikawaachia wenyeji. La nne lilipoinuka, mimi ndiye niliyekuwa karibu zaidi na kilele, pale linapoanzia kuvunjika. Wapanda mawimbi wana sheria yao kuu: aliye karibu na kilele ndiye mwenye wimbi, wengine humpisha. Si adabu tu. Mbao mbili zikikutana kwenye wimbi moja, yale mapezi ya chini hukata nyama. Nikageuza ubao, nikavuta maji kwa mikono yote miwili, nikahisi mkia unanyanyuliwa. Nikasimama. Nilikuwa nimeshasimama, magoti yamekunjika, macho mbele, mtu wa kuliani kwangu alipogeuka na kuliingia wimbi lile lile mbele yangu. Nikajitupa pembeni nisimgonge. Niliibuka na maji puani, kamba ya ubao ikinivuta kifundo cha mguu. Yeye alirudi taratibu, hana ukali wowote, akitabasamu.

“Samahani,” akaniambia. “Sikujua kama utaliweza.”

Hiyo ilikuwa mwaka 2018. Nimetukanwa mara chache tangu siku hiyo, na matusi nimeyasahau. Maneno hayo sijayasahau.

Nimezaliwa katika mji wenye mawimbi. Sehemu kubwa ya pwani ya Kenya imezungukwa na mwamba wa matumbawe. Mawimbi huvunjikia huko nje, na yakiwafikia watoto ufuoni yamekwisha nguvu. Mbele ya mji wa Malindi si hivyo. Mto Sabaki unaingia baharini kaskazini ya mji na matope yake, na matumbawe hayastahimili matope, basi ghuba yetu imebaki wazi. Upepo wa kusi ukishika, mwezi wa sita hadi wa nane, mawimbi huingia mpaka mchangani, moja juu ya jingine, bila kupumua.

Kakangu na wenzake walikuwa wakiomba vipande vya plaiwudi kwa fundi seremala, wanavikata kwa kipimo cha kutoka kidevuni mpaka kitovuni, wanapiga msasa kingo zisiwachubue. Wanaingia mpaka maji ya kifua, wanangoja, wanalalia ubao kwa tumbo na kuja nao hadi nchi kavu. Kazi yangu mimi ilikuwa kulinda ndara. Nilikaa mchangani na jozi saba au nane zimepangwa mbele yangu. Hakuna aliyenikataza kuingia. Msichana wa rika langu hakuingia kwenye mawimbi pamoja na wavulana, na hakuna aliyeona haja ya kunieleza kwa nini.

Lakini macho hayakuwa na katazo. Alasiri baada ya alasiri niliyatazama mawimbi mpaka nikayajua. Nilijua lipi litavunjika lote kwa pigo moja na kumtupa mtu, na lipi litaanza kuvunjika upande mmoja na kumwachia njia. Nilikuwa nikimnyooshea kakangu kidole kutoka mchangani: lile, siyo hili, lile la nyuma. Alinifuata, kwa sababu nilikuwa sikosei. Wenzake walidhani ni hodari peke yake.

Los Angeles nilifika mwaka 2014. Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani mwao. Bibi niliyekuwa naye miaka ya mwanzo aliishi Santa Monica, hatua chache kutoka baharini, na binti yake alipokuja kumwona mchana nilipata saa moja ya kunyoosha miguu. Nilitembea kandokando ya ufuo mpaka mwisho wa mtaa wa Bay, nikageuka, nikarudi. Pale mwisho wa mtaa pana bamba la kumbukumbu. Sijui nililipita mara ngapi kabla ya kusimama nikalisoma.

Bamba hilo liliwekwa mwaka 2008. Linasema kwamba pale ndipo watu weusi wa Los Angeles walipokuwa wakikusanyika baharini zama ambazo fukwe nyingine ziliwafukuza, kwa amri au kwa vitisho. Wazungu walipabandika jina la kejeli, Kidau cha Wino, kwa rangi ya ngozi za waliokuwa wakiogelea. Na linamtaja kijana mmoja, Nick Gabaldón, wa kwanza miongoni mwa wapanda mawimbi weusi wa California ambaye habari zake zimeandikwa.

Niliporudi nyumbani usiku huo nilimtafuta. Alizaliwa mwaka 1927, ana damu ya Wamarekani weusi na ya Wameksiko. Alisoma sekondari hapo hapo Santa Monica, akatumikia jeshi la majini wakati wa vita vya pili vya dunia, akarudi kusoma chuo. Alijifunza kupanda mawimbi pale Kidau cha Wino. Lakini mawimbi mazuri zaidi yalikuwa Malibu, maili 12 kwa kufuata pwani, karibu kilomita 20. Nick aliilalia mbao yake akapiga maji kwa mikono kutoka Santa Monica hadi Malibu, akaingia kwenye mawimbi na waliokuwa wamefika kwa magari. Juni 1951, siku ya mawimbi makubwa, aligonga nguzo ya gati la Malibu, akafa. Alikuwa na miaka 24.

Wengi wakisimulia habari zake hukaa kwenye kile kifo. Mimi hunikaa zaidi ile safari. Ukipiga maji kwa mikono nusu saa tu, mabega yanawaka moto na shingo inakataa kuinuka. Yeye alifika mahali pa kungojea zamu akiwa ameshafanya kazi ya siku nzima, na kutoka hapo akashindania wimbi na watu wenye mabega mapya. Nilipokuwa nimesimama mbele ya bamba lile, nikiwa na sare ya kazini na viatu vya raba, nilikuwa na miaka 34 na sijawahi kupanda wimbi hata moja.

Kila mwaka mwezi wa Juni huadhimishwa siku ya Nick Gabaldón, na watu hufundishwa bure kupanda mawimbi. Nilikwenda mwaka 2017. Ubao wa kujifunzia ni mrefu, umetengenezwa kwa sponji ngumu, haukukati. Unalala juu yake mchangani kwanza, unafanya zoezi la kuinuka: viganja chini ya mbavu, sukuma, lete miguu chini ya kifua kwa mruko mmoja. Mchangani kila mtu anaweza. Majini nilianguka asubuhi nzima. Nadhani nilisimama mara mbili, na ya pili ilinipeleka mpaka maji ya vifundoni. Nilishuka nikaangalia nyuma na sikuweza kusema neno. Niliona tu wavulana na plaiwudi zao, na mimi nimekaa na ndara.

Mamangu ndiye niliyemwogopa kumwambia. Nilimpigia simu baada ya mwezi.

“Baharini unaingia umevaa nini, mwanangu?”

Nikamweleza suti ya mpira. Bahari ya Pasifiki upande wa California ni ya baridi. Majira ya baridi maji hushuka mpaka kama nyuzi 14, na bila suti hukai. Imenifunika kutoka shingoni hadi vifundo vya miguu, nikamwambia, mikono yote, na siku za baridi kali navaa na kofia yake inayofunika nywele na masikio.

Alinyamaza kidogo. “Basi hilo ni buibui la samaki,” akasema. “Endelea, mwanangu. Usiingie na njaa.”

Na kwa kuwa wasichana huniuliza habari ya nywele kuliko jambo jingine lolote, niseme ninachofanya. Nasuka mistari ya kulala, sifungui kwa wiki mbili. Kabla ya kuingia nazilowesha nywele kwa maji matamu, kisha napaka mafuta ya nazi mengi. Nywele zikishajaa maji matamu, ya chumvi hayapati nafasi kubwa. Nikitoka nasuuza hapo hapo, sisubiri nyumbani. Nimewaona wanawake weusi wengi walioacha bahari kwa sababu ya nywele tu, na si jambo dogo. Mtu anayekwenda kazini Jumatatu na nywele zilizokauka kwa chumvi anaulizwa maswali ambayo mwenzake haulizwi.

Swali jingine ninaloulizwa, na hili huulizwa na watu wazima wenye elimu zao: kwenu Afrika mnajua kuogelea? Mwanzoni nilikuwa nikijibu kwa hasira. Halafu nikasoma. Miaka ya 1830 msafiri kutoka Uingereza, James Edward Alexander, alipita Accra, Ghana ya leo, akaandika kwamba aliona wavulana wanaogelea kwenda nje na mbao nyepesi chini ya matumbo yao, wanangoja wimbi, kisha wanakuja nalo mpaka nchi kavu. Niliyasoma maneno hayo mara nyingi. Ni Malindi yetu ile ile, kasoro plaiwudi. Wahawaii ndio walioufanya kuwa ufundi wa kusimama na ukawa mchezo wa dunia, na heshima hiyo ni yao. Lakini mtoto wa Kiafrika na kipande cha ubao mbele ya wimbi si habari mpya.

Kwa nini basi Wamarekani weusi wengi hawaogelei? Miji mingi ya Marekani ilijenga mabwawa ya umma yasiyoruhusu mtu mweusi kuingia, na mahakama zilipoamuru yawe ya wote, baadhi ya miji iliona afadhali kuyafunga au kuyafukia kabisa.

Kuna siku nilipelekwa Manhattan Beach, mji wa pwani karibu na Los Angeles, na mzee mmoja mweusi, mwalimu mstaafu, aliyenishika mkono baada ya lile somo la Juni. Mwaka 1912 Willa Bruce alinunua kiwanja pale ufuoni kwa dola 1,225, na yeye na mumewe Charles wakafungua mahali ambapo watu weusi wangeweza kuogelea, kula na kucheza dansi. Majirani waliwasumbua kwa miaka. Mwaka 1924 mji ukaanza kuitwaa ardhi kwa kisingizio cha kujenga bustani, majengo yakabomolewa, na kwa miaka mingi bustani haikujengwa. Ardhi ilirudishwa kwa vitukuu mwaka 2022, na mwaka uliofuata waliiuzia kaunti kwa takriban dola milioni 20. Mzee aliniambia yote hayo tukiwa tumesimama kwenye nyasi, mbao zetu kwapani. Nilimuuliza kama amefurahi kwamba imerudishwa. Akasema, “Nimefurahi. Ila hebu angalia majini, dada, utuhesabu.” Tulikuwa wawili, na hatukuwa tumeingia bado.

Ni mzee huyo niliyemsimulia habari ya wimbi langu, mapema kabisa, siku mbili baada ya lile tukio. Nilitarajia akasirike pamoja nami. Aliniuliza, “Kabla hajakukata njia, uliwaachia mawimbi mangapi?”

Nikamwambia matatu.

“Kwa nini?”

“Ni wenyeji. Nilikuwa mgeni.”

Akasema yeye pia alikuwa akifanya hivyo alipoanza, miaka ya 1970. Kwamba unapomwachia mtu zamu yako majini, hajui kuwa umemheshimu. Anaona umeshindwa. Ukiacha la kwanza na la pili, la tatu hakuulizi tena.

Sikukubaliana naye yote, na mpaka leo sikubali yote. Mzungu mgeni aliyefika asubuhi ile baada yangu aliacha mawimbi pia, nilimwona, na hakuna aliyemkata njia. Hatukupimwa kwa kibaba kimoja. Lakini mzee alinionyesha jambo ambalo lilikuwa mikononi mwangu, na mimi nilikuwa nimechoka kuwaza yaliyokuwa mikononi mwa wengine. Adabu niliyofundishwa nyumbani ilikuwa ya kumpisha mkubwa, kumpa mgeni kilicho bora, kutogombania. Ni adabu nzuri na siiachi. Nilichojifunza ni kwamba inafanya kazi kati ya watu wanaoijua. Asiyeijua humfikia ikiwa kitu kingine.

Nikaanza upya, siku za mawimbi madogo, wakati watu ni wachache. Bado nasalimia, hilo sikuliacha. Lakini naketi penye kilele chenyewe, siketi pembeni. Mawimbi ya Pasifiki hayaji kama ya kusi. Yanazaliwa na dhoruba za mbali sana, ya kiangazi mengine hutoka karibu na New Zealand, yakasafiri wiki nzima, na njiani hujipanga. Yanafika kwa makundi, matatu, manne, matano, kisha bahari inatulia dakika nyingi. Katika utulivu huo ndipo watu husogeasogea, kila mmoja akitafuta nafasi bila kuonekana anaitafuta. Hapo ndipo macho yangu ya Malindi yalinifaa. Naliona kundi likija wakati wengine bado wanazungumza, nasogea hatua tano, na wimbi linapofika linanikuta. Nikimwona mtu anageuka, namwangalia usoni na kupaza sauti. Mwanzoni nilipaza kwa Kiingereza. Siku moja, bila kupanga, likatoka kwa Kiswahili: “Langu!” Yule mtu aliurudisha ubao wake nyuma kama aliyeshtuliwa. Tangu siku hiyo nasema hivyo hivyo.

Wamenizoea. Tatizo ni kwamba nikienda ufuo mwingine hesabu inaanza sifuri. Na nikianguka, naona kwenye nyuso zao kwamba wamepata jibu walilokuwa nalo tayari. Mwenzangu mweupe akianguka ameanguka tu, dakika moja baadaye ameshasahaulika.

Juni 2020, baada ya George Floyd, Mmarekani mweusi, kuuawa na polisi Minneapolis, wapanda mawimbi walikusanyika kwenye fukwe nyingi za California, weusi na weupe, wakaenda nje pamoja, wakaketi juu ya mbao zao kwa duara na kulitaja jina lake. Ndivyo wapanda mawimbi wanavyomuaga mtu aliyefariki. Mimi sikwenda. Ilikuwa wakati wa korona, nilikuwa zamu ya usiku na mchana kwa mgonjwa, na sikutoka ndani ya nyumba ile wiki tatu. Niliwaona kwenye simu, jikoni kwa watu, na uji wa mgonjwa uko motoni.

Malindi nilirudi Agosti 2023, nikiwa nimepanga makusudi iwe wakati wa kusi. Kakangu sasa ni nahodha wa mashua, anawapeleka watalii kuona matumbawe, na siku za kusi kali kazi inakuwa haba. Niliazima ubao kwa kijana mmoja wa ufuoni. Kakangu akaja na plaiwudi, kipande kipya, kimekatwa kwa kipimo kile kile cha kidevu hadi kitovu, ingawa kitovu kimesogea mbele kidogo. Binti yake wa miaka kumi alikuja nasi. Wavulana waliokuwepo walivua ndara zao wakamwekea, na yeye akaketi, akazipanga. Niliona, nikataka kusema neno, nikaona niingie kwanza.

Nilimwambia kakangu kwamba la nyuma ndilo zuri. Likaja. Nilikuwa kileleni, nikageuka, nikasimama, na huyo kakangu, tumbo juu ya plaiwudi, akakata mbele yangu anacheka kama mtoto. Nikajitupa pembeni. Nilipoibuka alikuwa ananisogelea, maji ya kifua, bado anacheka.

“Aa, dadangu, pole. Sikujua kama utaliweza!”

Habari ya California nilikuwa sijamwambia. Sikumwambia mtu yeyote nyumbani. Nilisimama na ule ubao wa kuazima, na hasira niliyoipata ilizidi ya mwaka 2018, kwa sababu yule wa kule hakunijua. Huyu nilimchagulia mawimbi utoto wake mzima.

“Kaka,” nikamwambia, “ni nani aliyekuwa akikuonyesha lipi la kuingia?”

Kicheko kikaisha. Aliangalia ufuoni, pale nilipokuwa nikikaa. “Ni wewe,” akasema. Na baada ya muda: “Nilikuwa siwaambii wenzangu.”

Hatukusema zaidi. Kusi haikupi nafasi ya mazungumzo, mawimbi yalikuwa yanatupiga kifuani. Kakangu aliikumbatia plaiwudi kwapani, akajiinua kwenye ncha za vidole aone mbali, kisha akaninyooshea kidole: lile, siyo hili, lile la nyuma.

Nikaliingia. Lilinipeleka mbali kuliko nilivyodhani, upande wa gati, na nilipoanguka nilikuwa kwenye maji ya magoti. Niligeuka kumtafuta binti ya kakangu pale kwenye ndara. Hakuwepo. Alikuwa ameshaingia majini, leso imelowa mpaka kiunoni, amesimama anayaangalia mawimbi yanayokuja. Maji yalikuwa yanajaa, na ndara moja ya kakangu ilikuwa imeshaanza kuelea.